Sabuni ya Mikono Yetu: Historia Fupi ya Ufundi wa Jamaa



Kamati yetu imeniomba niandike ukurasa wa historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 20 Juni na ikaanza kuadhimishwa mwaka 2001. Wenzangu wameandika juu ya njia tulizopita, juu ya shule, na juu ya ndugu zetu tuliowazika. Mimi nimechagua kuandika juu ya sabuni.

Najua wako watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo. Lakini tukiacha chakula, hakuna kitu kinachoulizwa zaidi siku ya ugawaji kuliko kipande cha sabuni. Watoto wengi waliozaliwa katika ukimbizi wanajua kwamba sabuni hutoka kwenye lori. Hawajui kwamba bibi zao waliipika wenyewe, kwa mafuta na majivu ya shambani. Historia ninayotaka kuieleza ni hiyo. Sabuni ilikuwa kazi ya jamaa, viwanda vikaichukua, nayo ikarudi nyumbani kila mara maduka yalipokosa bidhaa. Sasa iko hatarini kupotea kabisa, kwa sababu wanaoijua wanazeeka, na hakuna anayekaa karibu nao kuitazama.

1. KABLA YA SABUNI YA DUKA

Neno sabuni tulilipata kwa Waarabu, nalo liliingia bara kwa njia ya misafara na biashara ya pwani. Wanyarwanda husema isabune. Jina hilo moja, lililoenea katika lugha nyingi, linatuonyesha kwamba kipande kigumu cha sabuni kilikuja na wageni. Lakini usafi haukuja na wageni. Wazee wetu walijua kuoga na kufua kabla ya jina hilo kufika.

Katika nchi za milima, kuanzia Ethiopia hadi huku kwetu, kuna mmea unaotambaa ambao wataalamu huuita Phytolacca dodecandra. Waethiopia huuita endod. Matunda yake yakipondwa na kutiwa majini hutoa povu, na wanawake wa Ethiopia wamefulia nguo kwa povu hilo tangu zamani. Mwaka 1964 mtaalamu mmoja wa nchi hiyo, Aklilu Lemma, alikuwa mjini Adwa akichunguza ugonjwa wa kichocho. Aliona kwamba mtoni, mahali wanawake walipofulia kwa endod, konokono wengi walikuwa wamekufa. Konokono wa majini ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho. Mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Right Livelihood kwa ajili ya kazi hiyo. Sisi tunaoishi karibu na mashamba ya mpunga ya Bugarama, na ambao watoto wetu hupenda kucheza majini, hatuna budi kukumbuka jambo hilo: ujuzi ulikuwa tayari mikononi mwa wafuaji, na msomi aliupata kwa kuwatazama.

Hali kadhalika mafuta ya kujipaka. Wafugaji wa Rwanda, wa Burundi na wa milima ya Itombwe walijipaka mafuta ya ng'ombe, mara nyingine yaliyotiwa majani yenye harufu nzuri. Kando ya Ziwa Tanganyika akina mama waliwapaka watoto wachanga mafuta ya mise, yaani ya kokwa za ndani za mchikichi. Visiwani Zanzibar hadi leo bibi harusi husuguliwa singo, ambayo ni mchanganyiko wa maua na viungo vilivyosagwa na wanawake wa nyumba yake. Kila mahali palikuwa na vitu vyake, lakini walimu walikuwa wale wale: mama, shangazi na bibi.

2. MAWESE NA MAJIVU

Mchikichi ndio mti wa sabuni yetu. Mwingereza Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliandika juu ya mafuta ya mawese aliyoyakuta kando ya ziwa. Leo bado mti huo unalisha watu wa Uvira, Baraka na Fizi upande wa Kongo, watu wa Rumonge upande wa Burundi, na watu wa Kigoma upande wa Tanzania.

Ili mafuta yawe sabuni, yanahitaji kitu kikali cha kuyavunja. Kitu hicho kilitoka jikoni: majivu. Katika nchi nyingi za Afrika zenye michikichi, akina mama walipika mawese pamoja na maji ya majivu wakapata sabuni nyeusi na laini. Wayoruba wa Nigeria na watu wa Ghana wanaendelea kuipika, na sasa inauzwa hata Ulaya na Marekani.

Si majivu yote yanayofaa. Majivu ya maganda ya ndizi, ya maganda ya maharage, na ya mikungu mitupu ya mchikichi iliyokwisha kutolewa ngazi ndiyo makali, kwa sababu yana potasi nyingi. Namna ya kuyachuja ni hii. Chungu kikuukuu hutobolewa matundu chini, huwekwa majani makavu ndani, kisha majivu hushindiliwa juu ya majani hayo. Maji humwagwa polepole, na chini hudondoka maji ya rangi ya chai, yenye kuteleza vidoleni. Akina mama wengi wanayafahamu maji hayo, kwa sababu huyatumia kulainisha maharage magumu. Kwa sabuni lazima yawe makali zaidi, basi hupitishwa kwenye majivu mapya mara ya pili, au huchemshwa hadi yapungue. Kipimo cha ukali ni yai bichi. Likizama, maji bado ni dhaifu. Likielea na kuonyesha sehemu ya ganda yenye upana wa sarafu, yanatosha.

Sabuni ya majivu ni laini kama uji mzito, na hutunzwa ndani ya chungu au kibuyu. Anayetaka igande huongeza chumvi ya kawaida wakati wa kuipika, na sabuni hujitenga ikapanda juu.

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Nyumbani kwetu, katika uwanda wa kusini ya Uvira, baba na kaka zangu walipanda michikichi na kukata mikungu. Sisi wadogo tuliokota ngazi zilizotawanyika na kukausha maganda ya ndizi juu ya paa. Dada zangu walichemsha ngazi na kuzitwanga. Mama alisimama penye chungu na mwiko. Bibi, ambaye alikuwa haoni vizuri tena, ndiye aliyeamua kama sabuni imeiva, kwa kuisugua kati ya vidole viwili na kuigusa kidogo kwa ncha ya ulimi. Ikimchoma alisema, "Bado ina hasira." Mtoto aliyekua katika nyumba kama hiyo hakufundishwa kwa maneno. Alitumwa, akatazama, akakemewa, akajua.

3. JINSI KIWANDA KILIVYOICHUKUA

Hadi karne ya 18 hata Wazungu walitegemea majivu ya miti na ya mimea ya pwani. Mwaka 1791 Nicolas Leblanc wa Ufaransa alipata hati ya kutengeneza soda kutokana na chumvi ya kawaida, na tangu hapo majivu yakaanza kuachwa. Mwaka 1823 Mfaransa mwingine, Michel Chevreul, alichapisha kitabu kilichoeleza kinachotokea ndani ya chungu: mafuta hugawanyika kuwa asidi za mafuta na gliserini, na asidi hizo zikishikana na soda huwa sabuni. Mambo ambayo bibi aliyajua kwa ulimi yakawa hesabu ya kuandikwa, na kwa hesabu hiyo viwanda vikubwa vikajengwa.

Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni yake iliyoitwa Sunlight mwaka 1884, na mwaka 1888 akaanza kujenga mji wa kiwanda, Port Sunlight. Alihitaji mafuta mengi ya miti kuliko aliyoweza kununua kwa wengine. Tarehe 14 Aprili 1911 alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa haki ya kuchagua ardhi ndani ya maduara 5 yenye michikichi, kila duara likiwa na kilomita 60 kutoka katikati hadi ukingoni. Mji wa Lusanga kwenye mto Kwilu ukabadilishwa jina ukaitwa Leverville.

Mkataba huo ulitaja mishahara, shule na hospitali. Lakini watu wengi walipelekwa kukata ngazi kwa nguvu, huku kodi ikiwabana. Bei ya ngazi iliposhuka wakati wa mdororo wa uchumi wa dunia, hali ikawa haivumiliki, na mwaka 1931 Wapende wa Kwilu na Kwango wakaasi. Askari wa Force Publique waliwaua mamia. Wakati huo kampuni ya Lever ilikuwa imekwisha kuungana na Waholanzi wa siagi ya mimea kuunda Unilever, kwa makubaliano ya mwaka 1929.

Kivu yetu haikuwa ndani ya maduara yale 5. Hata hivyo matokeo yake yalitufikia. Mawese yalitoka Kongo kwenye mapipa, na sabuni ikarudi Kongo ndani ya karatasi ya rangi, ikiwa na bei. Kipande cha duka kilikuwa kigumu, chenye harufu nzuri, na hakikuhitaji siku 2 za jasho. Sabuni nyeusi ya nyumbani ikaanza kuonewa haya. Baadaye viwanda vikajengwa karibu zaidi: hapa Rwanda, Sulfo ilianzishwa Kigali mwaka 1962; Burundi wana Savonor mjini Bujumbura. Sisemi kwamba viwanda hivyo ni vibaya, maana vimewapa watu kazi na vimeshusha bei. Nasema tu kwamba mama aliyeweza kupika akawa mnunuzi, na binti yake hakuona sababu ya kujifunza.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Viwanda vingi vikubwa hutoa gliserini ndani ya sabuni na kuiuza peke yake, kwa sababu ina bei. Gliserini ndiyo inayozuia ngozi kukauka. Sabuni ya nyumbani hubaki nayo yote. Ndiyo maana wazee husema kwamba sabuni ya mawese haipasui mikono.

4. JINSI ILIVYORUDI NYUMBANI

Maduka yakiwa na bidhaa, hakuna anayemkumbuka bibi. Katika nchi zetu maduka hayakukaa na bidhaa daima.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu wa Zaire alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatakabidhiwa wananchi. Wengi waliokabidhiwa hawakujua kuyaendesha, na muda si mrefu rafu zikawa tupu. Mwezi wa Septemba 1991, na tena Januari 1993, askari waliokosa mishahara walipora miji, na viwanda vingi havikuinuka tena. Tanzania nayo, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, iliingia katika miaka ya uhaba. Sabuni ikawa bidhaa adimu ya kulanguliwa, hata mwaka 1983 serikali ikawasaka waliowaita wahujumu uchumi. Wazee wa Tanzania na Uganda wanakumbuka kufua nguo kwa majani ya mpapai yaliyopondwa. Burundi iliwekewa vikwazo na majirani zake kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999.

Katika miaka hiyo chungu kilirudi jikoni, lakini kilirudi kikiwa kimebadilika. Badala ya kuchuja majivu siku nzima, watu walinunua soda kali iliyotengenezwa viwandani, ambayo wafanyabiashara huiita soda kostiki. Ufundi wa bibi na hesabu ya Chevreul vikakutana katika ua wa nyumba zetu. Ukipita Kigoma, Rumonge au Uvira unakuta sabuni za mawese zilizokatwa kwa waya, za rangi ya kahawia au ya manjano, zikiuzwa mezani pembeni ya njia. Hizo ni sabuni za jamaa.

Kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari, naandika hapa vipimo vya mama yangu. Kwa kilo 1 ya mawese, weka soda gramu 135 na maji gramu 340 hivi. Kipimo hicho huacha mafuta kidogo yasiyovunjika, ambayo hulinda ngozi. Anayeongeza mafuta ya mise hupata povu jingi na la haraka. Mawese peke yake hutoa kipande kigumu chenye povu dogo. Lakini mafuta ya mise hudai soda zaidi, karibu gramu 170 kwa kilo, kwa hiyo asiyejua kupima asiyachanganye kwa kukisia. Mizani ndiyo mwalimu hapa. Kikombe hudanganya.

Soda hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Maji hayatiwi kamwe juu ya soda, maana huchemka ghafla na kuruka usoni. Chombo kisiwe cha aluminiamu, kwa sababu soda hukila na kutoa hewa inayoweza kuwaka. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au sufuria ya chuma. Maji ya soda yakipoa, humwagwa kwenye mafuta yenye joto la mwili, na mwiko huzungushwa upande mmoja hadi mchanganyiko uwe mzito kama uji na mwiko uache alama juu yake. Kisha humiminwa ndani ya kibao kilichotandikwa karatasi ya nailoni. Kesho yake hukatwa. Halafu kinakuja kipindi kigumu kuliko vyote, yaani kungoja wiki 4 kabla ya kutumia. Sabuni iliyouzwa mbichi ndiyo iliyowafanya watu wengi waamini kwamba sabuni ya nyumbani huchubua.

Soda kostiki huunguza ngozi, hupofusha macho, na mtoto akiimeza huharibu koo lake maisha yote. Isiwekwe kamwe ndani ya chupa ya maji wala ya fanta. Ikimwagikia mtu, aoshwe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha apelekwe kwenye kituo cha afya. Akina mama wa zamani waliwafukuza watoto wadogo uani siku ya kupika, na hawakuwa wakali bure.

5. SABUNI KATIKA KAMBI

Bugarama na wilaya nzima ya Rusizi, iliyokuwa Cyangugu, iko mahali nchi 3 zinapokutana, na kwa hiyo imeona wakimbizi wengi. Warundi walikuja baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Banyamulenge walikuja 1996. Wakongomani walivuka tena baada ya mapigano ya Bukavu ya 2004, Warundi tena 2015, na Wakongomani tena 2025. Kila kundi lilifika na godoro, sufuria na watoto. Ni wachache waliofika na sabuni.

Tunajua inavyokuwa watu wengi wanapokaa pamoja bila maji safi wala sabuni. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka kuingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kikafuata, kisha kuhara damu. Madaktari walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Wengi wa waliokufa hawakuguswa na silaha. Waliuawa na uchafu ulioingia majini na mikononi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi iliyowahifadhi wakimbizi wa Msumbiji, watafiti walifuatilia nyumba zilizopewa sabuni. Waliona kwamba nyumba ikiwa na sabuni, visa vya kuhara vilipungua kwa asilimia 27 kuliko isipokuwa nayo. Sabuni ile ile, maji yale yale, kambi ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba kipande kipo au hakipo. Kwa sababu hiyo nawaomba wafanyakazi wa mashirika wasishangae tunapouliza kwa sauti pale sabuni inapochelewa. Kipimo ambacho HCR imekitumia kwa miaka mingi ni gramu 250 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Mama mwenye mtoto mchanga anajua kwamba kipande hicho hakimalizi mwezi, kwa sababu kinaoga, kinafua nepi, na kinaosha sahani.

Wakimbizi wengine wamejibu tatizo hilo kwa mikono yao. Katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, kijana mmoja Mrundi aliyesomea kemia alianzisha kiwanda kidogo cha sabuni na kuwaajiri wakimbizi wenzake na wenyeji. Ugonjwa wa Korona ulipoingia mwaka 2020 alishusha bei na kuuza kwa vipimo vidogo, ili hata asiye na kitu aweze kunawa.

Mfano mkubwa zaidi unatoka Siria. Mji wa Aleppo umepika sabuni ya mafuta ya zeituni na ya mti wa ghar kwa karne nyingi, na siri za kazi zilirithishwa kutoka baba hadi mwana. Vita vilivyoanza 2011 viliharibu karakana nyingi. Baadhi ya mafundi walivuka mpaka wakaanza upya Uturuki, katika mji wa Gaziantep, wakiwa hawana kitu isipokuwa ujuzi. Huko Nablus, Palestina, jamaa nazo hupika sabuni ya zeituni, na kila jamaa hugonga muhuri wake juu ya kila kipande. Desemba 2024 UNESCO iliziandika sabuni zote mbili, ya Aleppo na ya Nablus, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba sabuni ni jambo dogo la wanawake wa jikoni.

6. MAMBO TUNAYOWEZA KUFANYA HAPA

Mahali hapa pana faida yake. Mawe ya Bugarama ni mawe ya chokaa. Ndiyo yanayolisha kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza kazi mwaka 1984. Watu wa Nablus wa zamani walichanganya majivu yao na chokaa kwa sababu chokaa huyaongezea majivu ukali, na maji yake huvunja mafuta vizuri zaidi. Kwa hiyo hata soda ikikosekana dukani, elimu haikosi njia. Lakini chokaa hiyo hiyo, ikiwa ndani ya maji ya kuogea, huyafanya yawe magumu, na sabuni hutoa ukoko mweupe badala ya povu. Maji ya mvua ni laini, na sabuni kidogo hutosha. Anayekinga maji ya mvua kwa ajili ya kufua anaokoa sabuni bila kutumia hata faranga moja.

Naiomba Kamati mambo 3. La kwanza, tupate sehemu moja yenye uzio, mizani, glavu na miwani, ambamo akina mama wanaojua watapika na wasiojua watatazama. Wafanyakazi wa mashirika wanaogopa soda kostiki, na wana haki ya kuogopa. Soda inayopimwa mahali pamoja, mbele ya watu wanaoijua, haina hatari kama ile inayofichwa chini ya kitanda katika nyumba yenye watoto 5.

La pili, shule isaidie. Darasani kwangu nimewapa wanafunzi wa darasa la 6 hesabu hii. Bidoni moja ya lita 20 ina mawese kilo 18. Inahitaji soda gramu ngapi? Jibu ni gramu 2,430. Tuseme sabuni iliyokauka imebaki kilo 22; itatosha watu wangapi kwa mwezi, kila mmoja akipewa gramu 250? Watu 88. Darasa zima lilinyamaza, kisha msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, bidoni moja tu?" Tangu siku hiyo sijapata shida kufundisha uwiano.

La tatu linatuhusu sisi wazazi. Tusiwaache bibi wafe na ujuzi wao. Kila jamaa ina mtu anayejua kitu: kuchuja majivu, kupausha mawese kwa moto, kutia majani ya harufu, kujua kwa kidole kama sabuni imeiva. Mketishe mtoto karibu naye na daftari. Wavulana pia. Kule Aleppo na Nablus wanaume pia hufanya kazi hii, na hakuna aliyewacheka.

Sabuni ya ugawaji tunaihitaji, na tunaishukuru. Hakuna jamaa hapa inayoweza kujitosheleza bila shamba la michikichi, na sitaki mtu achukue maneno yangu kuwa sababu ya kupunguza kipimo. Ninachosema ni kwamba misaada huja na hupungua, na siku moja Mungu akipenda tutarudi nyumbani, ambako hakuna lori litakalotungoja. Siku hiyo, michikichi tutakayoikuta imesimama itakuwa mali kwa wale tu watakaojua cha kuifanyia.

Nawatakia wote kumbukumbu njema.

Mwalimu wa shule ya msingi, kambini,
mjumbe wa Kamati, upande wa elimu.